Mtoto Anapocheza Tumboni: Namna ya Kumhisi, Kumwimbia na Kuijua Kawaida Yake

Kliniki ya wajawazito ina maswali yake. Miezi ya mwanzo mama huuliza kuhusu kichefuchefu na hamu ya kula udongo. Mimba ikifika miezi mitano, hasa kama ni ya kwanza, swali linalonijia mara nyingi ni hili: "Nesi, nimpigie mtoto muziki gani ili achangamke?" Nami humuuliza kwanza: "Ameshaanza kucheza? Huwa anacheza saa ngapi?" Hapo wengi hunyamaza.

Muziki naupenda, na zipo sababu za kweli za kumwimbia mtoto angali tumboni. Lakini faida kubwa ninayoiona katika kazi yangu ya ukunga ni kwamba wimbo humkalisha mama chini. Kwa nusu saa anaacha ndoo, anaacha simu, anaweka mkono tumboni na kumsikiliza mwanawe. Akifanya hivyo kila siku atamjua: saa zake za kuamka, nguvu zake, upande anaoupendelea. Mama anayemjua mtoto wake kiasi hicho hugundua mapema mambo yanapoharibika, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Nimeupanga kwa kufuata ukuaji wa mimba, kwa hiyo soma sehemu ya wiki ulizonazo, halafu usome sehemu ya mwisho hata kama bado uko mbali nayo.

Anza na hesabu ya wiki

Ujauzito huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba iliyotimia ni ya wiki 40. Tazama kadi yako ya kliniki. Tarehe ya makadirio ya kujifungua imeandikwa humo. Kama hukumbuki hedhi yako ilikuwa lini, jitahidi upate kipimo cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, kwa sababu kadiri mimba inavyokua ndivyo umri wake unavyokuwa mgumu kukadiria.

Wiki zina maana hapa kuliko miezi. Mtoto huanza kujongea akiwa na wiki 7 au 8, na kwenye ultrasaundi huonekana akirukaruka, ila ni mdogo mno kwa mama kumhisi. Mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida humhisi kati ya wiki ya 18 na ya 20. Aliyekwisha kuzaa anaweza kumtambua mapema zaidi, hata wiki ya 16, kwa kuwa anajua anatafuta nini. Kama kondo la nyuma limekaa upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, mchezo wa mtoto unafunikwa na unaweza kuchelewa kuuhisi hadi baada ya wiki ya 20. Hakuna ubaya. Lakini ukifika wiki ya 24 hujahisi chochote, usisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda ukasikilizwe mapigo ya moyo ya mtoto.

Masikio nayo yana ratiba yao. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Belfast, Peter Hepper na Sara Shahidullah, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 450 waliokuwa bado tumboni. Walikuwa wakipiga mlio kupitia spika iliyowekwa kwenye tumbo la mama huku wakimtazama mtoto kwa ultrasaundi. Katika wiki ya 19 ni mtoto mmoja tu aliyeitikia. Kufikia wiki ya 27, asilimia 96 walikuwa wakiitikia milio mizito. Milio myembamba ilichelewa: ilibidi mimba ifike kati ya wiki ya 33 na ya 35 ndipo wote waiitikie. Kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi minne anayehangaika na spika anajisumbua bure. Aimbe kwa raha yake mwenyewe, inatosha. Mtoto atamkuta njiani.

Kumtambua mara ya kwanza

Anayetarajia teke siku ya kwanza atalikosa. Mchezo wa mwanzo ni mwepesi mno: kitu kinajigeuza chini ya kitovu kama samaki mdogo kwenye ndoo, kisha kimya. Wengi hudhani ni gesi. Utakuja kutofautisha kwa kurudiarudia: gesi husafiri tumboni ikatoka au ikaishia, lakini mtoto hurudi mahali palepale siku baada ya siku, zaidi unapokuwa umelala.

Ukitaka kumnasa, chagua jioni ukishakula. Nenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa kinakera na kukuchanganya. Lala kwa ubavu, weka kiganja chini ya kitovu bila kubonyeza, utulie. Mchana ukiwa sokoni, shambani au umesimama jikoni, mtoto anacheza vilevile, ila mwili wako umeshughulika na husikii. Huu ndio ukweli unaowafariji wengi wanaolalamika kwamba "mchana kutwa hachezi, usiku hanipi usingizi."

Baba atahitaji subira. Mkono wa nje hupata habari wiki kadhaa baada ya mama, mara nyingi mimba ikiwa imevuka miezi sita, na hata hapo mtoto ana tabia ya kunyamaza mara tu mkono unapowekwa. Mwambie mumeo asiuondoe haraka.

Usijilinganishe na shoga yako mwenye mimba ya umri mmoja na yako, wala na mimba yako iliyopita. Na yale ya kwamba akicheza kulia ni wa kiume, au anayerusha mateke sana ni mvulana, yaache. Mahali unapohisi teke panaonyesha jinsi alivyolala. Akiwa ameelekeza kichwa chini, mateke utayapata juu karibu na mbavu. Akiwa ameelekeza makalio chini, atakupiga karibu na kibofu. Mweleze mkunga anapokupapasa tumbo, hasa kuanzia wiki ya 36, kwa sababu wakati huo watoto wengi huwa wameshageuka na sisi tunataka kujua wa kwako yuko vipi.

Kuna siku utahisi mishtuko midogo inayopiga kwa mpangilio, sehemu ileile, kwa dakika kadhaa. Hiyo ni kwikwi. Watoto hupata kwikwi tumboni na haiwadhuru. Usiihesabu kama mchezo.

Kuijua kawaida yake

Kuanzia wiki ya 28 hivi, mchezo unakuwa na utaratibu. Hapa ndipo ninapowaomba akina mama waweke akili zao zote.

Mtoto aliye tumboni hulala na kuamka. Usingizi wake kwa kawaida ni wa dakika 20 hadi 40, na ni nadra kwa mtoto mwenye afya kupitisha dakika 90 bila kujongea. Wengi huchangamka zaidi usiku, kati ya saa 3 na saa 7, wakati mama anataka kupumzika. Mchezo huongezeka hadi kufika wiki ya 32, kisha hubaki katika kiwango hicho hadi siku ya kujifungua. Utasikia watu wakisema mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia kwa kuwa nafasi imekwisha. Maneno haya yamewaponza wengi. Kinachobadilika ni namna ya kucheza: mateke makali yanageuka kuwa kusukuma, kujinyoosha na kujigeuza kwa uzito. Mchezo wenyewe haupaswi kupungua. Mtoto huendelea kujongea hata mama akiwa kwenye uchungu.

Njia rahisi ya kumjua ni kuchagua saa moja ya siku ambayo huwa macho, kulala kwa ubavu, na kuhesabu miondoko yake mpaka ifike 10. Teke ni moja, kujigeuza ni moja, kusukuma ni moja. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Asiyependa kuandika ahamishe punje za mahindi kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, au avute tasbihi. Siku nyingi utamaliza mapema sana, na baada ya wiki mbili utakuwa unajua mwenyewe kwamba "huyu wangu hunipa kumi kabla taarifa ya habari haijaisha."

Sitaki hesabu hii ikufunge. Ukiwa na mtoto anayecheza mara 40 kwa saa, halafu leo amecheza mara 11 kwa shida, ile 10 haikusaidii kitu. Umeona mabadiliko, na mabadiliko ndiyo yenye uzito. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 lilishauri mjamzito ahudhurie kliniki mara zisizopungua 8, na mhudumu amuulize kuhusu kucheza kwa mtoto kila anapofika. Foleni zetu ni ndefu na swali hilo husahaulika. Usingoje kuulizwa. Liseme mwenyewe: "Anacheza vizuri, kawaida yake ni jioni," au "Juzi nilimwona mzito."

Wenye mapacha wahesabu wote kwa pamoja. Ni vigumu mno kujua huyu ni nani na yule ni nani, ingawa wengi huja kuzoea kwamba wa kulia ana fujo na wa kushoto mpole.

Kuandaa muda wenu

Sasa tuje kwenye muziki. Chagua ile saa uliyoigundua, anapokuwa macho. Akiwa usingizini utampigia wimbo mzima asikujibu, nawe uingiwe na hofu bila sababu.

Zima televisheni. Kama nyumba ina watu wengi, sogea chumbani, au kaa uani kwenye mkeka jua likishapungua. Jilaze kwa ubavu, kulia au kushoto, na mto mdogo chini ya tumbo. Kulala chali kuanzia wiki ya 28 si vizuri, kwani uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Fanya ubavu uwe mazoea yako hata unapolala usiku. Kisha kaa dakika tano bila sauti yoyote, mkono tumboni, ujue yuko katika hali gani kabla hujaanza. Hatua hii wengi huiruka. Bila hiyo huwezi kujua kama alichofanya baadaye ni jibu au ni mchezo wake tu.

Sauti yako kwanza

Kabla ya simu na spika, tumia koo lako. Sauti ya mama humfikia mtoto kwa njia mbili: kupitia hewani kama ya mtu mwingine, na kupitia ndani ya mwili, kwenye mifupa na nyama. Kwa sababu hiyo humfikia ikiwa na nguvu kuliko sauti ya mtu yeyote aliye nje. Huko ndani kuna mapigo ya moyo wako, mwendo wa damu, tumbo linalonguruma baada ya maharage, na juu ya yote hayo unasikika wewe.

Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha nchini Marekani kwamba watoto wachanga ambao hawajatimiza siku tatu walibadili namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili waisikie sauti ya mama zao kuliko ya mwanamke mwingine. Walikuwa wameshaizoea kabla ya kuzaliwa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliwafikiria wanawake wote wanaoniambia "mimi sina sauti nzuri." Mtoto wako hana mwingine wa kukulinganisha naye.

Mwimbie wimbo wa kubembeleza uliolelewa nao, wa lugha ya kwenu. Kama ni kaswida, imba kaswida. Kama ni wimbo wa kwaya, imba huo. Wako wanaosoma Kurani kwa sauti ya chini kila baada ya Isha, na wako wanaomhadithia mtoto mambo ya siku nzima, bei ya nyanya hadi ugomvi wa majirani. Yote ni sauti yako. Unapoimba, usijikaze, vuta pumzi taratibu, kwani mwili wako ukilegea nawe unamhisi vizuri zaidi.

Baba asogee karibu na tumbo aongee kwa sauti ya kawaida. Sauti nzito za kiume hupenya vizuri kwenye maji ya uzazi. Hana haja ya kupaza, wala kutafuta bomba la karatasi la kusemea. Na kama baba yuko safarini, Muscat au Mbeya, simu iliyowekwa spika kando yako inatosha.

Mama asiyesikia au asiyesema hajakosa kitu kikubwa: apapase tumbo kwa mpangilio uleule kila siku, na mtoto hujongea kwa mguso pia.

Muziki: upi, kiasi gani, kwa sauti gani

Sauti nzito hupita kwenye ukuta wa tumbo bila kupungua sana, nyembamba hupotea njiani. Katika taarabu, mtoto anapata besi na mapigo ya dumbaki kuliko fidla. Katika kwaya anapata sauti za wanaume na mwendo wa wimbo, maneno hayatambui. Ngoma ya mdundo wa polepole humfikia vizuri. Zaidi ya hapo, chagua unachokipenda wewe, kwa sababu ukifurahi moyo wako unatulia, na mapigo hayo ndiyo sauti iliyo karibu naye kuliko zote.

Weka simu au redio juu ya meza, hatua moja au mbili kutoka ulipo. Sauti isizidi ile ya mazungumzo ya kawaida, takribani desibeli 60. Huna haja ya kifaa cha kupimia: kama mtu aliye kando yako analazimika kupaza sauti ndipo umsikie, punguza. Dakika 15 hadi 30 zinatosha kwa siku. Mtoto anahitaji usingizi wake, na ubongo wake unajengwa zaidi akiwa amelala.

Usimvalishe tumbo hedifoni. Nimeona zinauzwa mitandaoni, mikanda yenye spika ndogo za kubandika tumboni, na mama hulala nazo usiku kucha. Sauti inayobandikwa moja kwa moja kwenye ngozi haina umbali wa kuipunguza, nawe kwa kuwa husikii anachosikia yeye, huwezi kujua umezidisha. Okoa fedha zako ununue khanga za kumpokelea.

Kelele kubwa ni jambo la kuogopa kweli. Wanaoishi uswahilini Dar es Salaam wanajua vigodoro: singeli inapigwa mtaani hadi usiku wa manane, spika zimepangwa kama ukuta. Mjamzito hapaswi kusimama mbele ya spika hizo, wala kwenye harusi kukaa meza iliyo chini ya mtambo wa muziki. Safari moja ya matatu yenye muziki mkubwa haina neno. Kazi ya kila siku kwenye kelele ndiyo tatizo. Kama unafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kiwandani au karakana ambako kelele hufika desibeli 85 kwa saa nane, omba ubadilishiwe kazi mapema. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inawashauri wajawazito wasikae penye kelele inayozidi desibeli 115 hata kwa muda mfupi. Ukiziba masikio yako unajikinga wewe. Ya mtoto hayana kizibo.

Kusoma majibu yake

Wengi hungoja teke na wasipolipata hukata tamaa. Majibu ya mtoto ni ya aina nyingi.

Anaweza kushtuka: mwili mzima unajikunja ghafla mara wimbo unapoanza, au mtu anapofunga mlango kwa kishindo. Anaweza kuanza kujongea zaidi kwa dakika chache. Anaweza pia kunyamaza, alikuwa anacheza na wewe ukaanza kuimba, akatulia kabisa. Hilo nalo ni jibu, na katika vipimo mapigo ya moyo wa mtoto hushuka kidogo anapotega sikio kwa sauti tulivu na hupanda anaposhtuka. Wimbo ukiisha mara nyingi hurudi kwenye mchezo wake.

Kisha kuna kuzoea. Sauti ileile ikirudiwarudiwa, mtoto huacha kuiitikia. Usidhani amechukia. Ameshaijua, haimpi habari mpya, na uwezo huo wa kuzoea ni dalili kwamba ubongo wake unajifunza. Badilisha sauti, uone kama atachangamka tena.

Asipoitikia kabisa muziki lakini mchezo wake wa kila siku uko palepale, hakuna unachoweza kusema kuhusu masikio yake. Pengine alikuwa amelala, pengine kondo la nyuma limekaa mbele. Usikivu hupimwa baada ya kuzaliwa. Na akionekana kurushwarushwa na sauti fulani, mara zote, anashtuka na kujikunja, punguza sauti au uiache.

Katika miezi mitatu ya mwisho chagua wimbo mmoja, mfupi, na uurudie karibu kila siku. Mwaka 2013 Eino Partanen na wenzake wa Helsinki walichapisha utafiti juu ya akina mama waliowapigia watoto wao wimbo mmoja mara tano kwa wiki katika kipindi hicho. Watoto walipozaliwa, na tena walipofika miezi minne, ubongo wao uliitikia wimbo ule kwa nguvu kuliko wa watoto ambao hawakuusikia. Kwa mama wa nyumbani faida yake ni ya kawaida na nzuri: una wimbo ambao mtoto anaujua tangu siku ya kwanza. Uimbe unapomwogesha, unapomnyonyesha, anapolia usiku wa tatu na hujui anataka nini. Wengi hutulia.

Faida inaishia hapo, nami sitakuahidi zaidi. Habari za kwamba muziki wa Mozart humfanya mtoto awe na akili nyingi zilitokana na jaribio la mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Waliojaribiwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, na manufaa waliyopata katika fumbo la maumbo yalidumu kama dakika 10 hadi 15. Hakuna mjamzito aliyekuwamo. Hata hivyo habari zikakua, hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto aliyezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo. Mama wa Tanga anayeimba akikuna nazi hajapungukiwa na chochote.

Akitulia kuliko kawaida yake

Sehemu hii isome na mumeo, au na yeyote unayelala naye nyumba moja.

Kama mimba imevuka wiki 28 na unaona mtoto amepunguza kucheza, ameacha, au mchezo wake umebadilika na moyo wako hauna amani, usimpigie muziki ili aamke. Nalisema hili kwa sababu nimeliona. Mama anaongeza sauti, mtoto anajigeuza mara moja, mama anashusha pumzi na kulala. Mtoto aliye taabani anaweza kushtuka kwa kelele na bado akawa taabani. Vivyo hivyo soda, maji ya baridi na kitu kitamu: mwondoko mmoja baada ya soda hauthibitishi kwamba yuko salama. Kukanda tumbo au kulitikisa ni hatari, acha kabisa. Vile vifaa vidogo vya kusikiliza mapigo ya moyo nyumbani, na programu za simu zinazodai kufanya hivyo, usizitegemee. Ni rahisi sana kuyasikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mtoto.

Kama una shaka tu, kwamba labda ulikuwa na kazi nyingi hukumsikia, lala kwa ubavu mara moja na umhesabu bila kufanya jambo lingine. Usipopata miondoko 10 ndani ya saa mbili, nenda. Kama hujamhisi kabisa, au una uhakika amebadilika, hata hizo saa mbili usizikae. Iwe saa 8 usiku, iwe sikukuu, iwe ulikuwa kliniki jana na ukaambiwa kila kitu kizuri. Kupungua kwa mchezo huweza kuwa ishara kwamba hewa na chakula havimfikii mtoto vya kutosha kupitia kondo la nyuma, naye anabana matumizi ya nguvu zake. Mara nyingi kuna muda wa kumwokoa baada ya ishara hiyo, ila si mrefu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu mimba ikiwa imevuka wiki 28, na karibu nusu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara.

Jiandae kabla. Weka namba ya dereva wa bajaji, bodaboda au gari kwenye simu yako na ya mumeo, tenga nauli isiyoguswa, na kadi ya kliniki ikae mahali pamoja. Nenda kwenye kituo kinachoweza kufanya upasuaji ikiwa kiko karibu. Ukiwa na dalili nyingine pamoja na hiyo, kama kutokwa na damu, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba, usipite kwa mtu yeyote njiani.

Ukifika, usijiweke kwenye foleni ya kliniki ya kawaida. Mwendee mhudumu wa kwanza umwambie waziwazi: "Nina mimba ya wiki 34. Kawaida yake hucheza sana kuanzia saa 2 usiku. Tangu jana jioni sijamhisi." Maneno kama "sijisikii vizuri" yatakupeleka benchi. Utasikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, utapimwa shinikizo la damu na urefu wa tumbo, na pengine ultrasaundi. Baadhi ya hospitali zina kifaa cha kumwamsha mtoto kwa mlio wa sekunde chache huku mapigo yakirekodiwa. Hapo sauti inatumika na wanaojua kusoma majibu yake, kwenye chumba ambacho msaada uko mlangoni.

Wakikuta yuko salama, hujawasumbua. Rudi nyumbani, endelea na saa yenu ya jioni na wimbo wenu, na uendelee kumwangalia kwa kawaida yake ileile. Akipunguza tena kesho kutwa, rudi tena, uwaambie kwamba hii ni mara ya pili, kwa sababu mara ya pili huchunguzwa kwa undani zaidi.